Mistari Kumi na Moja Isiyo na Wenyewe

Kiduara cheupe kilikuwa kinazunguka katikati ya kioo cheusi, na chini yake namba ilikuwa inapanda. Tatu. Tano. Tisa. Nilisimama mbele yake mikono nikiwa nimeifunga nyuma, kama mtoto aliyekatazwa kugusa vitu vya wenyewe. Kwenye bawaba ya mfuniko kulikuwa na uzi mweupe, mafundo mawili, nimeufunga mwenyewe. Uzi mweupe dukani kwetu maana yake ilikuwa moja: vitu vya mwenye mashine vibaki.

Namba ilipofika kumi na nne nikajua. Mashine inayobakisha vitu vya mtu huenda polepole, inasimama, inaendelea, kama mtu anayefagia chumba chenye vyombo na kuogopa kuvunja. Hii ilikuwa inakimbia. Ilikuwa inafagia chumba kitupu.

Niliinua macho nikaangalia saa ya ukutani. Saa tano na dakika kumi asubuhi. Sikujua wakati ule kwamba saa hiyo ndiyo ingekuja kuulizwa.

Duka lilikuwa la baba mdogo, mume wa mama mdogo aliyenilea. Chumba kimoja kirefu na chembamba, kimebanwa kati ya duka la dawa na ofisi ya mwanasheria ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Mbele kaunta, nyuma meza ya kazi, na katikati hatua kumi na mbili za sakafu ya saruji. Ukutani nyuma yangu mashine zilipangwa kwenye rafu mpaka karibu na dari: zilizomwagiwa chai, zilizokaliwa na wageni kwenye makochi, zilizoingia virusi, zilizosahauliwa paswadi, na moja ambayo mwenyewe aliileta akasema haina tatizo lolote ila haipendi mkewe akiitumia.

Watu walimwita baba mdogo Zima-Washa. Mtu akipiga simu kutoka ofisini, printa imegoma na bosi amesimama mlangoni, baba mdogo hakumwacha hata amalize salamu. "Umezima ukawasha?" Siku moja mteja alimjibu, "Fundi, nimezima nikawasha mpaka swichi imeanza kuniona msumbufu." Baba mdogo alicheka wiki nzima. Lakini bado alimwambia azime awashe, na printa ikafanya kazi.

Mimi nililetwa pale kufagia. Shule niliiachia darasa la tano, mwaka ambao mama mdogo alilazwa hospitali miezi saba, na watoto wake wawili wakabaki mikononi mwangu. Alipopona, wenzangu walikuwa wameshatangulia mbali, na mimi nikaona haya kurudi kukaa dawati moja na watoto wanaonifika begani. Mama mdogo alinibembeleza. Baba mdogo alinifokea. Haya yangu ikawashinda wote wawili.

Kutoka kwenye ufagio nikapewa brashi ya kutolea vumbi ndani ya mashine. Kutoka kwenye brashi nikapewa bisibisi. Mwishowe baba mdogo akanikalisha mbele ya kioo na kunifundisha kupiga window, yaani kuifanya kompyuta ianze maisha upya. Maneno ya kwenye kioo yalikuwa ya kigeni na yeye hakuwa na muda wa kunifundisha lugha. "Usisome," alisema. "Angalia mahali. La kushoto ni ndiyo, la kulia ni hapana. Hapa utaona mistari miwili. Wa juu ni bakisha, wa chini ni futa. Uzi mweupe, bonyeza juu. Uzi mwekundu, bonyeza chini. Umeelewa?"

Nilielewa. Niliijua kompyuta kama mtu anavyojua chumba chake umeme ukikatika: hapa kitanda, hapa ndoo, hapa mlango. Mashine mia mbili na zaidi zilipita mikononi mwangu na hakuna iliyolalamikiwa.

Na simu pia nikaanza kupokea. Mama mdogo hakuamini aliposikia. "Huyu? Huyu anayejificha uani wageni wakija?" Lakini kwenye simu hakuna anayekuona uso. Karani mmoja alipiga akinong'ona kwamba kompyuta imekufa kabisa na ripoti inatakiwa. Nikamwambia afuate waya kwa mkono mpaka ukutani. Kimya kidogo, kisha akarudi. "Dada, waya umechomolewa. Wamechomeka birika." Akashusha sauti zaidi. "Tafadhali usimwambie mtu." Wote walikuwa hivyo. Hakuna aliyeomba msaada kabla ya kuomba msamaha kwanza: samahani, mimi mjinga wa mambo haya, samahani, utanicheka. Sikumcheka hata mmoja. Walidhani ni upole.

Mkunga alikuja siku ya Jumatatu, kompyuta ameizungushia blanketi la mtoto mchanga.

Alikuwa amestaafu. Mwanamke mrefu, mgongo umeinama kidogo kwa kazi ya kuinamia vitanda, kucha zimekatwa hadi nyamani. Aliiweka kaunta taratibu akaifunua.

"Inaumwa," alisema. "Nusu saa nzima inaamka. Na ikiamka inaniletea wanawake wanaouza mafuta ya nywele."

"Umezima ukawasha, mama?"

"Mwanangu, nimezalisha miaka thelathini na minne. Unadhani hakuna nilichojifunza kuhusu kusubiri kitu kianze?"

Baba mdogo akacheka, akauliza kama ndani mna kitu cha muhimu.

"Mna watoto elfu moja mia tisa na sita," alisema mkunga.

Akaeleza. Kila mtoto aliyempokea alimwandika daftarini: tarehe, saa, uzito, kama ni mvua au jua, na neno la kwanza alilosema mama baada ya kumwona mwanawe. "Hilo la mwisho halikuwamo kwenye fomu. Nililiandika kwa raha zangu." Alipostaafu alinunua kompyuta ya mtumba na kuanza kunakili madaftari, kidole kimoja, miaka mitatu. Kila daftari alilolimaliza alilitia jikoni likaungua. Madaftari yale yalikuwa na siri za watu, nani alimtaja nani kwa uchungu. "Daftari anasoma yeyote," alisema. "Hii ina paswadi." Na watu walikuwa bado wanakuja nyumbani kwake, wazima wenye ndevu, kuulizia siku waliyozaliwa, na kama mama zao bado wapo, kuwapelekea neno hilo wacheke nalo.

"Una nakala mahali pengine?" aliuliza baba mdogo.

"Nakala ya nini?"

Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama na kipande cha uzi. "Na wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamtajia jina la mama yangu, kwa sauti ambayo ilibidi nirudie.

Aliniangalia kwa muda, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayepima kitu kwa macho. "Basi na wewe umo humu," alisema. "Ikipona nitakusomea."

Mama alikufa nikiwa na miezi saba. Hakuacha picha. Mama mdogo wakati ule alikuwa anaishi mbali. Alifika kwenye mazishi na akanikuta nimelala kwenye kitanda cha jirani. Maisha yangu yote nimemuuliza mama alikuwa anaongeaje. Mama mdogo si mtu wa mapambo. Husema, "Alikuwa anaongea kama mtu." Ukimsumbua sana ataongeza, "Haraka haraka kidogo."

Kwa hiyo nilifunga mafundo mawili. Mashine nyingine zote nilizifunga moja.

Kwa kawaida mashine ya uzi mweupe baba mdogo alikuwa anaichukulia nakala kwanza, kwenye diski kubwa ya duka. Wiki ile diski ilikuwa imejaa vitu vya wateja ambao hawakurudi. "Tutaisafisha," alisema. "Wewe piga, bakisha vitu vyake, inatosha." Hilo lilikuwa kosa lake. Nalisema hapa kwa sababu yeye mwenyewe amelisema mara nyingi, akiwa anakunywa chai, bila kuulizwa na mtu.

Lililofuata lilikuwa langu.

Kompyuta ile ilikuwa imetoka kwenye ofisi ya nchi ya mbali. Maneno yake hayakuwa hata ya lugha ile ngeni niliyozoea kuyaona. Yalikuwa na vinukta juu ya herufi, marefu, yameungana. Mkunga mwenyewe alikuwa haielewi. Naye aliijua kwa mahali: bonyeza hapa, kisha hapa, watoto wanafunguka. Nilienda vizuri mpaka nilipofika kwenye mistari miwili. Na mistari ilikuwa tofauti. Sikuweza kusema tofauti gani. Wa juu ulikuwa mrefu, na pembeni yake palikuwa na alama ndogo ya rangi ambayo sikuwahi kuiona mahali pale.

Nikaondoa kidole.

Mbele, kaunta, kulikuwa na wanaume watatu wa ofisi ya barabara ya pili, wamekuja kuchukua printa yao. Mmoja alikuwa anasimulia habari za mwenzao aliyeandika barua ya kuacha kazi, akabonyeza kuchapa, hakuona karatasi, akabonyeza tena, na tena, mara arobaini. Printa ilikuwa chumbani kwa bosi. "Bosi anamwita," alisema yule, "anamwambia, ndugu yangu, nilikuwa nimekuelewa kwenye ya kwanza." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Mtu mzima," alisema mwingine, akijifuta macho, "hajui hata kusoma kilichoandikwa mbele yake." Baba mdogo naye alikuwa anacheka.

Hatua kumi na mbili. Ningezipiga, ningesimama pembeni ya kaunta nikasema, baba mdogo, hapa pameandikwaje? Angekuja, angepiga picha kwa simu yake, simu ingemtafsiria. Isingechukua dakika mbili. Wale wanaume wangegeuka kunitazama.

Nikabonyeza juu.

Baba mdogo alikuja namba ikiwa sitini na kitu, kwa sababu nilikuwa nimemwita na sauti haikutoka, na badala yake niligonga meza kwa bisibisi. Aliangalia kioo. Aliangalia uzi. Akanyoosha mkono akaung'oa waya ukutani, kioo kikawa cheusi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akizima kitu bila kukiwasha.

"Nenda ukae nje kidogo," alisema.

Mkunga alikuja mchana ule ule, saa nane, na blanketi lake amelikunja chini ya kwapa. Nilikuwa nimerudi ndani, niko nyuma, nimeshika brashi na kusafisha kibodi ambayo nilikuwa nimeshaisafisha.

"Mama," alisema baba mdogo. Akasafisha koo. "Diski yake ilikuwa mbovu kutoka huko. Imekufa. Imefia mikononi mwetu."

Mkunga aliweka kiganja juu ya mfuniko. Mashine zote kwenye rafu zilikuwa zinavuma.

"Imekufa saa ngapi?" aliuliza.

Baba mdogo hakulitegemea swali hilo. Aliangalia ukuta. "Kama saa tatu hivi."

Mkunga akafungua mkoba wake, akatoa kijidaftari kidogo na kalamu, akaandika. Nadhani mkono wenyewe ulifanya hivyo kwa mazoea. Alikuwa amewapokea wengi, na waliokufa mikononi mwake pia aliwaandikia saa. Akakirudisha kijidaftari mkobani, akatandaza blanketi kaunta, akaanza kuizungushia ile kompyuta, kisha akasita.

"Mtabaki nayo," alisema. "Labda ina vipuri vinavyofaa." Akalikunja tena blanketi likiwa tupu, akaondoka.

Siku nne baba mdogo hakupokea kazi nyingine. Aliweka programu za uokoaji, moja baada ya nyingine. Zilizunguka kutwa na kutoa takataka: nusu za namba, picha za wauza mafuta ya nywele, maelfu ya alama zisizo na maana. Alikula amesimama. Mteja akija kulalamika kwamba kompyuta yake nzito alimwambia, "Na wewe ni mzito, nenda kwanza." Siku ya nne akachapa karatasi moja akaniwekea mezani. Haikujaa hata nusu. Mistari kumi na moja, mikia ya sentensi iliyokatwa majina na tarehe zake.

*...akauliza kama kimebaki chakula.*

*...ana masikio ya baba yake, Mungu amsaidie.*

*...hakusema kitu. Alicheka tu.*

*...funga dirisha, ana baridi.*

*...huyu nilishamwona mahali.*

Na mingine sita ya namna hiyo. Kati ya watu elfu moja mia tisa na sita, kumi na moja walikuwa bado wanaongea, na hakuna aliyejua ni akina nani.

"Mpelekee," alisema baba mdogo. "Na mpelekee ile kompyuta nyeusi ya rafu ya chini, nimeitengeneza. Kila siku tukifunga, nenda ukamwandikie anachokumbuka." Alikuwa ananiongelesha huku anaangalia bisibisi. "Mimi siwezi kwenda."

Nyumba ya mkunga ilikuwa vyumba viwili, safi mpaka unaogopa kukanyaga. Meza chini ya dirisha, viti viwili, jiko pembeni. Macho yake hayakuwa mazuri kwa maandishi madogo, kwa hiyo nilimsomea mimi. Nilisoma kidole kikiwa chini ya kila neno, kwa kusimama simama, na yeye hakunisaidia wala kunikimbiza. Alisikiliza amefumba macho. Nikimaliza alisema, "Tena."

Mwanzoni alikumbuka wengi. Aliwataja kama anawaona wanaingia mlangoni: wa mwenye duka la vyuma, jua kali, kilo nne kasoro, mama yake alitukana tusi ambalo hatuliandiki. Mapacha wa mwalimu, wa pili aligoma kutoka mpaka adhuhuri. Niliandika kwa vidole viwili. Yeye alitaja, mimi niliuliza herufi, na siku nyingine tulipata watoto sita, siku nyingine wawili. Tarehe mara nyingi hakuwa nazo. Alizikumbuka mvua.

Alikuwa ananiita mjukuu wangu. Hilo ndilo lililonishinda.

Ilikuwa kama wiki ya tatu. Nilikuwa nimeweka mikono juu ya kibodi nikisubiri mtoto mwingine, na nikasikia sauti yangu ikisema, "Bibi, haikuwa saa tatu."

"Nini hakikuwa saa tatu?"

"Mashine. Ilikuwa saa tano na dakika kumi." Sikuweza kumwangalia, niliangalia herufi. "Na haikufa. Ni mimi. Kulikuwa na mistari miwili, nikabonyeza wa juu."

Nje mtu alikuwa anaburuta kitu kizito cha bati, kikapita, kikaisha.

"Ulijua umeandikwa nini?"

"Hapana."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Niliona haya, bibi. Walikuwa wanacheka."

Nilidhani atanifukuza. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitapitaje mlangoni bila kugusa kitu. Aliinuka, akauchukua mkoba kwenye msumari, akatoa kile kijidaftari. Akatafuta ukurasa, akausogeza karibu na uso, akapiga mstari juu ya kitu na kuandika kingine pembeni.

"Saa lazima iwe ya kweli," alisema. "Hata ya kitu kilichokufa."

Akakaa. Aliangalia ukuta kwa muda mrefu, na uso wake siku ile ndio ninaoukumbuka kuliko siku nyingine zote. Haukuwa wa hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyefika kwenye nyumba aliyoijua, akakuta pamejengwa kitu kingine.

"Soma ile karatasi," alisema.

Nikasoma. Kidole changu kilikuwa kimelowa, karatasi ikashika alama yake. Nilipofika mstari wa nne akainua mkono.

"Hapo. Rudia."

"Funga dirisha, ana baridi."

"Huyo ni wewe," alisema mkunga. "Kulikuwa na upepo siku hiyo. Mama yako alikuwa bado hajakushika vizuri. Akaniambia mimi, kama mimi mtumishi wake: funga dirisha, ana baridi."

Niliandika jina langu, na mbele yake maneno manne. Nikatembea kwenda nyumbani katikati ya barabara mpaka dereva mmoja akanitukana.

Sikumwambia mtu. Nilikuwa na miaka ishirini, na mama yangu alikuwa ameongea kwa mara ya kwanza. Nilimsikia kila mahali, haraka haraka kidogo, kama mama mdogo alivyosema. Nilisikia nikifagia, nikiunganisha waya, mtu akinililia kwenye simu kwamba kibodi inaandika herufi kubwa tu. Dukani kulikuwa na dirisha dogo juu ya rafu ambalo hatukuwahi kulijali. Nikaanza kulifunga kila jioni. Baba mdogo akaniuliza ni nani ataingia hapo, paka? Nikamwambia ni vumbi.

Na nikajifunza kusoma. Si kwamba nilikuwa sijui kabisa. Nilikuwa nasoma kama anayevuka maji kwa kuruka mawe. Mwaka ule wa kuandika watoto wa mkunga uliniwekea daraja. Kisha nikaanza maneno ya kwenye vioo, nikiyaandika kwenye kijitabu moja moja. Siku hizi mtu akinipigia simu simuulizi kama amezima akawasha. Namwambia anisomee kilichoandikwa mbele yake, chote, mpaka mwisho, hata kwa herufi moja moja. Wengine wanakasirika. Wengine wananyamaza, na mimi huujua ukimya ule, nawaambia tu, "Taratibu. Sina haraka."

Mkunga alianza kupungua mwaka wa pili. Kwanza mvua zilichanganyika na jua. Kisha wa mwenye duka la vyuma akazaliwa tena, safari hii msichana. Sikumsahihisha mbele ya watu. Tulikuwa tumefika watoto mia nne na kumi na wawili, na mwezi ule hatukuongeza hata mmoja.

Fundi cherehani wa kona alikuja alasiri moja na binti yake wa miaka kumi na miwili hivi, msichana mwembamba aliyesimama nyuma ya mama yake na kuuma kola ya shati. Shuleni walitaka tarehe ya kuzaliwa. Mkunga alimshika mtoto kidevu, akamgeuza kwenye mwanga.

"Tarehe itatafutwa," alisema. "Kwanza tumsikie mama. Mjukuu wangu, soma ile karatasi."

Karatasi ilikuwa imeshakatika kwenye mikunjo, nimeigandisha kwa gundi ya utepe. Nikasoma. Kwa haraka sasa, bila kidole. Nilipofika mstari wa nne mkono wa mkunga ukainuka.

"Hapo," alisema. "Huyo ndiye. Kulikuwa na upepo siku hiyo. Akaniambia mimi, kama mimi mtumishi wake: funga dirisha, ana baridi."

Fundi cherehani akaweka kiganja mdomoni.

"Jamani," alisema taratibu. "Ni kweli. Nilisema hivyo." Akamvuta binti yake kwa mbele, akamshika mabega. "Lile dirisha lilikuwa halina kitasa, unakumbuka, bibi? Ulilifunga kwa kamba ya aproni yako."

"Kwa kamba ya aproni," alisema mkunga, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyepewa kitu alichokuwa anakitafuta siku nyingi.

Mtoto akauliza, "Ulisema mimi?" Mama yake akasema, "Nilisema wewe."

Mkunga akanigeukia. "Andika."

Nikaandika jina la msichana, na mbele yake maneno manne. Kisha nikapanda juu, mtoto kwa mtoto, mpaka kwenye jina langu. Yalikuwa pale, kama nilivyoyaacha. Nilikaa nayo kidogo. Nyuma yangu fundi cherehani alikuwa bado anasimulia kuhusu kamba, na msichana alikuwa anacheka kicheko cha chini chini.

Nikayafuta. Mashine, kama kawaida yake, ikaniuliza kama nina hakika, ikaniletea mistari miwili. Niliisoma yote miwili mpaka mwisho. Kisha nikabonyeza niliokusudia.

"Umeandika?" aliuliza mkunga.

"Nimeandika, bibi."

"Na wa kwako umo, si ndiyo? Nilishakusomea wa kwako?"

"Umo, bibi. Ulishanisomea."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Fundi cherehani akaaga, wakatoka wameshikana mikono, yeye na binti yake. Nikainuka nikaenda dirishani, nikalivuta likajifunga.

"Mbona unafunga?" alisema mkunga. "Joto lote hili."

Nikalifungua.